Mlango wa Sita wa Kapmajani

Ofisi za serikali za Kapmajani zina milango mitano, lakini mtu akipotea pale uwanjani ataambiwa, "Nenda mlango wa sita." Mgeni huhesabu milango mara mbili, asiuone wa sita, mpaka aonyeshwe kwa kidole: nje ya ua, mkabala na geti, chini ya mwavuli uliopauka, ameketi mwanamume mwembamba aliyepakata gambuti la mtu.

Huyo ndiye Wachira Kimotho, fundi wa viatu.

Kapmajani ni senta ndogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Sosiot. Kuna mstari mmoja wa maduka, kituo cha kupimia majani chai, makanisa mawili yanayoshindana kwa kuimba, na hizo ofisi. Watu wa huko huvaa gambuti, yale mabuti ya mpira, kutoka alfajiri hadi jioni, shambani kuna matope na zizini kuna matope zaidi, kwa hiyo fundi anayejua kubandika kiraka cha tyubu hakosi kazi. Wachira amekaa mahali pale pale miaka ishirini na sita.

Mambo ya ofisi hakufundishwa na mtu. Aliishia darasa la nane, akashika sindano. Lakini mtu akitoka ofisini amekasirika hutafuta mahali pa kukaa, na stuli ya fundi iko karibu. Huvua kiatu hata kama hakijatoboka, na kiatu kikishonwa yeye hueleza alivyozungushwa. Alikosa barua ya chifu. Alipeleka nakala akasahau ile yenyewe. Aliambiwa daktari wa kupima walemavu huja Jumanne moja tu kwa mwezi, na Jumanne yenyewe ilikuwa jana. Wachira husikiliza, huvuta uzi, huguna. Hayo yote yalikaa kichwani mwake mwaka baada ya mwaka, hadi akawa anajua safari ya kila karatasi kuliko makarani wanaoletwa na kuhamishwa.

"Fundi, cheti cha mtoto ni wapi?" aliuliza siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Mlango wa pili," Wachira alikiambia kiatu alichoshika. "Lakini usiingie bado. Uko na karatasi ya kliniki?"

"Niko nayo."

"Na kitambulisho cha baba?"

"Baba mwenyewe sijui aliko, sembuse kitambulisho!"

Waliokuwa karibu walicheka. Wachira hakucheka. "Basi anzia mlango wa kwanza uandikiwe barua. Ukienda wa pili watakurudisha tu, na mvua inakuja."

"Asante. Lakini mbona unaongea na kiatu? Mimi niko huku juu."

Wachira alifunika mdomo kwa mkono wenye gundi. Hivyo ndivyo alivyo. Haya imemkaa mwilini kama rangi ya ngozi. Akiwa kijana alimpenda msichana mmoja wa upande wa kiwanda, akamshonea viatu vyote miaka miwili bila kumdai chochote na bila kumwambia neno, mpaka msichana akaenda kuolewa Litein amevaa viatu hivyo hivyo. Wachira hakuoa kamwe. Na ile milango mitano aliyowaelekeza nusu ya watu wa eneo zima la Belgut, yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kitambulisho chake alikichukua zamani kule Sosiot, baba yake akimsemea.

Anaishi na mama yake, Jennifer Wacera, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Wacera na mume wake Kimotho walitoka upande wa Nyeri wakiwa wamefunga ndoa juzi tu, wakanunua kipande cha shamba kwenye kilima juu ya senta, wakapanda chai. Majirani wote walikuwa Wakipsigis. Mwaka wa kwanza Wacera alisalimiana nao kwa mikono na tabasamu. Mwaka wa pili akazaa mtoto wa kiume, Kinyua, na hapo akapata jina. Wanawake wa kilima walianza kumwita Kobot Kinyua, maana kwa Kikipsigis kobot ni mama wa fulani, na mwanamke aliyezaa haitwi tena jina lake la usichana.

Kinyua alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa homa iliyomchukua siku tatu. Wachira, mtoto wa pili, alikuwa na miaka sita. Anakumbuka kidogo tu: shati la shule likiwa limeanikwa, na wanawake wakiingia nyumbani kimya, mmoja mmoja, wakiwa na vibuyu vya maziwa. Baada ya mazishi, Wacera alidhani watahamisha jina na kuanza kumwita kwa mtoto aliyebaki. Hawakuhamisha. Asubuhi ya kwanza alipotoka kwenda kuchota maji, jirani alimsalimia toka ng'ambo ya ua, "Chamgei, Kobot Kinyua!" sauti ile ile kama jana na juzi. Wacera alisimama na mtungi wake, akalia, kisha akaitikia. Hata ile miaka mibaya ya siasa, wakati wageni wengine walipofukuzwa, wanawake hao walikuja na viti vyao wakaketi mlangoni kwake siku nne. Kila aliyepita akiuliza, walimjibu, "Hapa ni kwa Kobot Kinyua. Endeni zenu."

Kimotho naye alikufa. Wakabaki wawili, Wacera na Wachira, na ng'ombe mmoja.

Sasa, mwaka huu mvua ya masika ilipokolea, Wacera aliteleza zizini akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu, mfupa ukashika, lakini miguu ikakataa kumbeba. Tangu hapo Wachira huamka, hukamua ng'ombe, huchemsha chai, kisha humbeba mama yake mgongoni mpaka kwenye ua wa mbele na kumketisha juu ya kreti iliyotandikwa blanketi, kwa sababu pale ndipo wachuma chai hupita na vikapu vyao, na Wacera bila kusalimiwa na watu hali chakula. Janeffer, jirani wa karibu, humletea uji saa nne. Mvua ikianza, Janeffer hawezi kumbeba. Humfunika kwa nailoni na kumkimbilia Wachira kule senta, naye huacha gambuti la mtu na kupanda kilima mbio.

Wachira ana miaka hamsini na tatu. Mara mbili mgongo wake ulikwama akiwa amembeba. Mara ya pili ilibidi apige magoti kwenye matope na kungoja, mama yake mgongoni.

"Niweke chini, maitu wakwa," Wacera alimwambia kwa upole. Kwa Kikuyu mama humwita mtoto wake hivyo pia, mama yangu. "Siku moja tutaanguka wote wawili, na huyu ng'ombe hajui kubeba mtu."

Basi, ilipojulikana kwamba kaunti itagawa viti vya magurudumu, na kwamba Rebeccah, mhudumu wa afya wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba akiandika wanaohitaji, Wachira aliona mambo yamepata njia. Rebeccah alifika nyumbani siku ambayo Wachira alikuwa kazini. Aliketi na Wacera nusu siku, wakanywa chai, akaandika. Kitambulisho hakikupatikana kwa sababu Wachira hukifungia katika sanduku na ufunguo hutembea nao. "Hakuna shida, kogo," Rebeccah alisema, akimwita bibi kwa Kikipsigis. "Kitaletwa siku ya kuchukua."

Miezi miwili ikapita. Jumatatu moja orodha ikabandikwa kwenye ubao wa geti.

Wachira aliisoma kabla watu hawajafika, akiwa amevua kofia kama mtu aliye mbele ya mkubwa. Majina yalikuwa tisa. Alitafuta Wacera. Alitafuta Jennifer. Alitafuta Kimotho. Alirudia kutoka chini kwenda juu, labda karani aliandika kwa kugeuza. Hayakuwemo. Namba saba palikuwa na mtu anaitwa Robert Kinua, mwanamume, kitambulisho kitaletwa. Macho yake yalisimama kidogo juu ya hilo jina la pili, akamkumbuka ndugu yake kama anavyomkumbuka akiona shati la shule limeanikwa, kisha yakapita. Chini ya orodha iliandikwa kwamba kiti kisichochukuliwa kufikia Ijumaa saa sita mchana kitarudishwa Kericho kwa gari lililokileta.

Akarudi chini ya mwavuli wake, akashika sindano.

Siku hiyo hiyo mzee mmoja ambaye mke wake pia alikosa kwenye orodha alikuja kumlalamikia, na Wachira akamwambia vizuri kabisa afanye nini. Aingie mlango wa nne, asipige kelele, aombe kuandikiwa kwenye daftari la waliokosa, na aulize tarehe ya orodha ijayo. Mzee akaenda, akaandikiwa. Wachira akamtazama akitoka na karatasi mkononi. Ilikuwa hatua arobaini tu kutoka kwenye stuli hadi mlango wa nne. Alizihesabu kwa macho. Hakusimama. Alijiambia atakwenda kesho, kukiwa na watu wachache. Kesho yake walikuwa wachache, akajiambia wachache ndio watamtazama zaidi.

Jumatano alitoka Madam Quinter mwenyewe, karani wa mlango wa nne. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, ana miezi mitano tu hapo Kapmajani, na bado alivaa viatu vya mjini vilivyoaibishwa na matope kila siku. Ndivyo walivyojuana. Alivua kimoja, akaketi kwenye stuli.

"Fundi, hiki kisigino kimenitoroka tena."

"Ndiyo, madam."

"Na nimekuja kukuuliza. Wanasema wewe unajua kila mtu hapa. Robert Kinua ni nani?"

Wachira alifikiri kwa uaminifu. Aliwapitia akina Robert wote aliowashonea. "Robert ninaowajua ni wawili. Mmoja ni dereva wa tinga, mwingine yuko jela."

"Huyu hatembei."

"Basi si dereva." Akafikiri tena. "Hayuko huku, madam. Ningemjua."

Quinter alihema. "Viti vinane vimeshachukuliwa. Kimebaki chake tu. Rebeccah alinisomea majina kwa simu, siku ile mvua ilikata barabara, na mtandao ulikuwa unakuja na kwenda. Sasa amekwenda Ndanai kupokea mjukuu na simu yake haishiki. Kiti kizuri hivyo kirudi Kericho? Mimi naona uchungu."

Wachira aligonga msumari kwenye kisigino. Maneno yalikuwa yamefika kooni: madam, mama yangu hatembei. Maneno matatu tu baada ya madam. Lakini kiti kilikuwa cha mtu, hata kama hajulikani, na Wachira hakuwa mtu wa kuomba cha Robert.

"Tayari," alisema, akampa kiatu.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi wa kupanda toka mabondeni. Wachira alimbeba mama yake kwenda kwenye ua. Kabla hajamketisha, Wacera aliuliza lile swali alilokuwa amelizunguka wiki nzima.

"Kile kiti cha Rebeccah hakikuja?"

"Jina lako haliko, maitu. Niliangalia. Wacera haliko, wala Jennifer, wala la baba."

"Haliko? Na aliandika nikimwona."

"Ulimwambia jina gani?"

"Hakuniuliza jina." Wacera alishangazwa na swali lenyewe. "Rebeccah nilimpokea mimi mamake alipokuwa anajifungua. Aniulize jina kwani ni polisi? Aliandika tu."

Hapo ndipo Janeffer alipopita upande wa pili wa ua na kikapu chake mgongoni, amechelewa, anakimbilia shamba. Hakusimama. Aliinua mkono tu, akaita vile wanavyoita watu wa kilima hicho, ile b ikiwa nzito kama p na ile k ikilainika njiani:

"Chamgei, Kopot Ginyua!"

"Chamgei mising!" Wacera akaitikia.

Wachira alisimama palepale na mama yake mgongoni. Amelisikia jina hilo kila siku ya maisha yake. Halikuwahi kuingia sikioni kama jina. Lilikuwa kama sauti ya jogoo, alama tu kwamba kumekucha. Sasa alilisikia kama anavyoweza kulisikia mtu wa ziwa kwenye simu, mvua ikipiga bati. Kopot Ginyua. Kobot Kinyua.

Robert Kinua.

"Wachira, mbona umesimama? Ni mgongo?"

"Si mgongo," alisema. Alimketisha, akamfunika blanketi mara mbili, akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kitambulisho. Alipokuwa anashuka kilima alikuwa anakimbia, na watu waliozoea kumwona akikimbia kupanda walishangaa.

Alifika saa nne na nusu. Gari lilikuwa limesimama uwanjani, mlango wa nyuma wazi. Hakuenda kwenye mwavuli. Alipita geti, akavuka nyasi, akafika mlango wa nne ambapo watu kumi na mmoja walikuwa wamepanga mstari. Mstari ukamgeukia wote.

"Haiya! Leo mlango wa sita umeota miguu!" alisema mzee Kimutai, mlinzi mstaafu wa kiwanda, mtu wa maneno mengi.

"Labda amekuja kushona ofisi," mwingine akasema. "Bati lake linavuja."

Wachira alifunika mdomo. Masikio yalimwaka moto. Mbele yake palikuwa na watu kumi na mmoja na saa ya ukutani ilikuwa inakimbia. Alitaka kurudi. Mguu mmoja uligeuka kabisa kuelekea geti. Kisha akaona, ndani kwenye pembe ya ofisi, kiti kimoja kimekunjwa, kimefungwa nailoni, na mgongoni kimeandikwa kwa wino mzito ROBERT KINUA.

"Naomba kupita," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nini?" akauliza Kimutai.

"Naomba kupita, wazee. Lile gari likiondoka, mama yangu ataendelea kukaa kwenye kreti."

Kimutai alimwangalia vizuri, akaacha mzaha, akasogea. Wengine nao wakasogea.

Quinter aliinua kichwa. "Fundi! Umeleta viatu?"

"Hapana, madam." Wachira aliviangalia viatu vya Quinter chini ya meza, vile alivyovijua, na kidogo kidogo akaweza kuongea. "Nimekuja kwa sababu ya Robert. Juzi nilikwambia simjui. Namjua. Ni mama yangu."

Ofisi nzima ilipasuka kwa kicheko. Hata Quinter aliuma mdomo. Wachira alingoja kicheko kipite kama anavyongoja gundi ikauke, akaweka kitambulisho mezani.

Quinter alikisoma. "Jennifer Wacera Kimotho. Fundi, mimi nakuamini, lakini hapa sioni Robert, na Kinua pia sioni. Nitampaje mtu huyu kiti cha mtu yule? Nikiulizwa Kericho nitasema nini?"

"Si Robert. Ni kobot. Rebeccah alisema Kobot Kinyua, ndivyo anavyoitwa huku. Ni mama Kinyua."

"Na Kinyua ni nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Kilimani wote walijua, na senta hakuna aliyetaka kujua. Aliondoa mkono mdomoni.

"Ni ndugu yangu mkubwa," alisema. "Alikufa akiwa darasa la tano. Kama angekuwa hai, yeye ndiye angekuja hapa. Alikuwa hodari wa kusema. Mimi ni Wachira, wa pili. Mimi hata kusema sijui. Lakini mama hatembei tangu mvua ya masika, na mgongo wangu umeanza kukataa, na niliogopa kuja kukuambia. Wiki nzima niliogopa. Ni hayo tu."

Hakuna aliyecheka.

"Kinyua Kimotho," alisema mzee Kimutai kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa ile ya mzaha. "Tulikaa dawati moja. Alikuwa akininong'oneza majibu ya hesabu, mwalimu akatupiga wote wawili. Madam, mimi nashangaa. Fundi, ina maana wewe ni mtoto wa Kobot Kinyua? Miaka yote hii nakuletea viatu, nikikuita fundi tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza, mzee."

"Huyu mtu!" Kimutai aligeukia mstari. "Nani hapa hamjui Kobot Kinyua?" Mama mmoja akasema alilelewa na maziwa yake. Mwingine akasema alifundishwa naye kushona sweta. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, Kiswahili na Kikipsigis, hadi Quinter akainua mikono miwili.

"Sawa, sawa! Nimesikia. Lakini kelele haziwekwi kwenye faili. Nahitaji karatasi. Fundi, wewe ndiye huwaambia watu: ni karatasi gani?"

Wachira alijua jibu kabla swali halijaisha. "Barua ya naibu wa chifu, iseme majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mashahidi wawili na vitambulisho vyao. Mlango wa kwanza."

"Basi kimbia. Gari nitalishikilia."

Alikimbia, Kimutai na yule mama wa sweta nyuma yake. Naibu wa chifu, Weldon, alikuwa anafunga mlango aende kwenye baraza. Wachira alisimama mbele yake, akamwomba arudi ndani, akamwambia maneno ya kuandika moja baada ya jingine, herufi kwa herufi, na pale Weldon alipoandika Kopot, Wachira akamwambia, "B, bwana chifu. Hapo ni b." Muhuri ukagongwa saa sita kasoro dakika saba.

Quinter alisoma barua, akaibandika kwenye faili, akakata jina namba saba kwa kalamu na kuandika jipya juu yake. Kisha akavua kofia ya kalamu nene, akakitazama kiti.

"Huu wino hautoki," alisema. "Utanisamehe. Mimi niliandika nilivyosikia."

"Hata mimi nilisikia miaka hamsini, madam," Wachira alisema, "na sikusikia."

Alikisukuma kiti tupu kupanda kilima, magurudumu yakijaa matope mekundu, na njia nzima watu wakamwita, "Robert amepatikana!" maana habari zilikuwa zimemtangulia. Mara ya kwanza tangu akumbuke, hakuinamisha uso. Alikuwa na haraka tu.

Wacera alikigusa kiti kwanza kwa vidole, mikono ya kiti, kisha magurudumu, kama anayepapasa ndama mgeni. Halafu, kabla hajaketi, akasoma pale mgongoni, Wachira akiwa amemgeuzia.

"Robert ni nani?"

Wachira akamweleza yote: simu, mvua, mlango wa nne, Kimutai na dawati. Wacera alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikapungua, na macho yake yakabaki kwenye majani ya chai.

"Rebeccah hakumwona Kinyua hata siku moja," alisema. "Alizaliwa mtoto ameshazikwa. Lakini aliandika jina lake bila kuniuliza."

Jumapili, baada ya kanisa, Wachira alitoa kipande cha ngozi laini alichokuwa amekiweka miaka mingi bila kujua anakiwekea nini. Alikikata sawa na mgongo wa kiti, afunike ule wino, na kwa uzi mweupe wa nailoni akaanza kushona herufi, moja moja, polepole: KOBOT KINYUA. Wacera alikuwa ameketi kwenye kreti kwa mara ya mwisho, akimwangalia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Shona na Wachira."

"Ya nini, maitu?"

"Kiti kikipotea, nani atakwenda kukidai? Kinyua?" Alimtazama hadi Wachira akainamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyekwenda. Shona."

Alishona. Lakini alilishona dogo, kwenye ukingo wa juu wa ngozi, kati ya mishikio, mahali ambapo halionekani ila kwa mtu anayesukuma kiti.

Kesho yake ukungu ulipopanda, Janeffer alipita na kikapu, akainua mkono, akaita. Wacera hakungoja aitwe mara mbili. Alishika magurudumu kwa mikono yake miwili, akajisukuma peke yake hatua tatu, nne, mpaka kwenye geti la ua wao, ili amwitikie kwa karibu.